Walimu Wanne Katika Ukungu wa Njombe

Kioo cha mbele kikianza kukusumbua kwa manyunyu, usikimbilie kitambaa. Chukua kiazi mviringo, kikate katikati, paka ule upande wenye majimaji kioo kizima kwa nje, kisha uache kikauke. Mvua ikija itateremka bila kubaki matone matone. Nimeendesha magari ya kutalii miaka ishirini na saba, na kiazi hakikukosekana kwenye droo ya gari langu. Wageni waliokiona walidhani ni chakula changu cha dharura. Sikuwasahihisha, na hiyo ndiyo tabia ninayotaka kuwasimulia leo, tabia ya kumwacha abiria aamini anachopenda kuamini.

Ninyi vijana mnaokuja hapa kwangu Lyamkena, mkaegesha Noah zenu kwenye upepo huu wa Makambako unaovua watu kofia, mnaniuliza mambo ya barabara tu. Vizuri, nayajibu. Kwenda Njombe lami ni nzuri, ila asubuhi za Machi usiiamini. Washa taa za chini, maana taa kali ukungu unazirudisha machoni mwako. Zima redio. Shusha kioo chako kidogo hata kama abiria wanalalamika baridi, kwa sababu lori la mbao utalisikia kabla ya kuliona. Jicho moja libaki kwenye ukingo wa kushoto, na ukipotelewa na ukingo, simama. Hakuna aliyewahi kufa kwa kuchelewa chai.

Haya alinifundisha Mzee Mgaya, aliyenipokea kazini wakati bado nadhani kuendesha ni kukanyaga mafuta. Mzee Mgaya alikuwa bingwa wa usukani, na alikuwa bingwa wa kutunga. Angeweza kusimamisha gari kwenye jiwe lolote akaliundia historia papo hapo: hapa chifu alipumzika, hapa simba alilia siku tatu. Abiria wanatoa kamera. "Nestori," aliniambia, "mtu ametoka mbali. Mpe kitu cha kurudi nacho." Nami nikayashika yote mawili, ukungu na utunzi, na sikuona tofauti yake. Niliwahi kuwaambia wageni wawili kwamba kichuguu kimoja kule Wanging'ombe ni kaburi la shujaa. Mmoja alivua kofia. Nilicheka peke yangu mpaka Makambako.

Sasa niwape habari ya walimu wanne kutoka Tanga.

Ilikuwa miaka kadhaa iliyopita, kabla barabara ya zege haijafika Mawengi. Wote walikuwa wastaafu, wanawake tupu, waliofundisha shule moja ya msingi mpaka wakazeeka pamoja. Maisha yao yote walikuwa wamechora ramani ya nchi ubaoni bila kuiona. Basi wakachangishana, wakakodi gari kwa tajiri wangu, wakaamua kuivuka nchi kutoka Tanga mpaka Mbamba Bay waione kwa macho. Njombe ilikuwa na siku moja tu kwenye ratiba yao. Kesho yake wenyeji wao walikuwa wakiwangoja Songea.

Ratiba aliishika Mwalimu Rehema, wa jiografia, mwembamba, sauti kama kengele ya mapumziko. Wawili wengine walilala na kuamka kwa zamu, kila anayeamka akiuliza tumefika wapi na kusema mashaallah. Kiti cha mbele, ubavuni kwangu, alikaa Mwalimu Skolastika. Huyu hakulala hata kidogo. Tangu Iringa alikuwa ameegemea dirisha akitazama kila kilima kana kwamba kina jina lake.

"Baba yangu wa huku, mwanangu," aliniambia kwa kile Kiswahili chao laini. "Sisi ni Wabena."

Baba yake alichukuliwa na lori la manamba akiwa kijana, enzi za mkoloni, kwenda kukata mkonge Muheza. Hakurudi. Alioa huko, akazaa huko, akazikwa huko. Jina la kijiji hakuwaachia wanawe, alisema "nyumbani Njombe" basi. Alichowaachia ni mlango. Aliwaambia ukisimama mlangoni kwao asubuhi, maji unayasikia upande wa kushoto, lakini huyaoni.

"Kaka yangu Gervas ndiye aliyesema atakuja," Mwalimu Skolastika akaendelea. "Kila mwaka mwakani. Sasa amelala, moyo umechoka, madaktari wametwambia tukae naye nyumbani. Kaniambia, Skola, nenda ukaone wewe, unambie kabla sijafumba macho. Siku yenyewe ni hiyo moja ya kesho."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nilikuwa dereva wa kusema hivyo.

Tulilala Njombe mjini, na asubuhi yake Njombe haikuwepo. Palikuwa na weupe tu, na ndani ya weupe sauti: mtu anakohoa, jogoo, baiskeli inayolia mnyororo. Walimu walitoka nyumba ya wageni wamejifunga khanga tatu tatu juu ya magauni na bado meno yanagongana, ikabidi tuanzie sokoni kwenye mitumba. Mwalimu Rehema alichagua sweta la kijani lenye picha ya kulungu wa theluji akalivaa na heshima zake zote. Tukaondoka taratibu, kioo changu wazi kidogo, na gari zima likawa kimya kama watu waliomo ndotoni. Ng'ombe alitokea, akatuangalia, akafutika. Miti ya miwati ilitokea mistari miwili, ikafutika. Mama mmoja alisimama kando ya barabara na ndoo ya maparachichi, miguu yake haionekani, tukampita kana kwamba anaelea.

"Njombe," Mwalimu Rehema akasema polepole kutoka nyuma, "nyanda za juu kusini. Chai, pareto, miwati, viazi." Wenzake wakamwitikia kama darasa. Nilisikia raha ambayo siwezi kuieleza. Nilikuwa nimepita njia ile mara mia, lakini siku hiyo nilikuwa naiona kwa macho ya watu walioipenda kabla ya kufika.

Niliwapeleka kwenye maporomoko ya maji pembeni ya mji, ninapopeleka kila mtu. Tuliteremka kwa miguu, nikiwashika mikono mmoja mmoja. Maji yenyewe hayakuonekana. Yalinguruma tu ndani ya ukungu, upande wa kushoto.

Mwalimu Skolastika akasimama. Akageuka akanitazama, na uso wake ulikuwa umekuwa wa mtoto.

"Ni hapa?"

Vijana, nitawaambia ukweli ulivyo. Sikujua kwao ni wapi. Mito huku ni mingi kuliko wake wa chifu, na nyumba zilizosikia maji upande wa kushoto ni maelfu. Jibu sahihi lilikuwa fupi na nilikuwa nalo mdomoni. Lakini alikuwa ameuliza huku anataka "ndiyo" kwa mwili mzima, na mimi nilikuwa mwanafunzi mzuri wa Mzee Mgaya.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ni hapa hapa. Zamani nyumba zilikuwa pale juu."

Nikanyoosha mkono kwenye ukungu, mahali ambapo hapakuwa na kitu. Wenzake wakapiga vigelegele. Yeye hakupiga. Alitoa simu, akapiga Muheza, akasema, "Kaka, nimefika. Usiseme, sikiliza." Akainua simu juu kuelekea kwenye ngurumo ile na kuishika hivyo mpaka mkono ukachoka. Akairudisha sikioni. Nilisikia mtu mzima analia kwenye spika ndogo.

Nilijisikia vizuri. Niseme hilo pia, kwa sababu ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilipanda kilima kile nikijiona nimefanya kazi njema, tukazunguka mashamba ya chai, nikawaonyesha jinsi ya kuchuma majani mawili na ncha, Mwalimu Rehema akaandika kwenye daftari.

Saa saba tuliingia kwenye hoteli ya chakula karibu na stendi. Nilikuwa nimewaagizia mbuzi wa kuchoma, na mwenye hoteli, kwa heshima ya wageni, akaleta figo juu kabisa ya sinia. Mwalimu Skolastika alizitoa kwa ncha ya kidole, akazisukuma upande wangu.

"Sisi kwetu hatuli figo," akasema. "Baba alikataza. Sababu yake siijui, lakini alisema ni mwiko wa ukoo."

Mkono wangu ukasimama njiani.

Mama yangu mimi alikuwa Mpangwa wa Mawengi, kule Ludewa. Likizo zangu za utotoni nilizimalizia kwa mjomba, na ng'ambo ya bonde walikaa jirani ambao niliwahi kuwapelekea figo ya sherehe kwa ujinga wangu. Mjomba alinichapa, kisha akanifundisha: ukoo ule hauli figo, na ukiwasalimia wanaitikia kwa neno lao wenyewe, si kama watu wengine. Nikamuuliza mwalimu kama baba yake alikuwa na namna ya kuitikia salamu.

Alicheka. "Ee! Asubuhi usipomwitikia hivyo hupati uji." Akalitaja neno. Sitalisema hapa, ni la wenyewe. Lilikuwa lile lile la ng'ambo ya bonde.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kule kwenye mkonge kila aliyetoka upande huu aliitwa Mbena, awe Mkinga, awe Mpangwa. Hakuna mnyapara aliyekuwa na muda wa kutofautisha. Mtu anaitwa hivyo miaka ishirini, mwishowe na watoto wake wanajiita hivyo. Mwalimu Skolastika hakuwa Mbena. Kwao hapakuwa Njombe mjini wala karibu yake. Palikuwa nyuma ya milima, mwendo wa saa tatu na zaidi kwa tope la Machi, na mimi nilikuwa nimeshamwonyesha kwao asubuhi, na kaka yake ameshalia.

Ningeweza kunyamaza. Nilitafuna nyama ile muda mrefu mpaka ikakosa ladha. Ratiba ilisema saa tisa tupumzike. Kesho Songea. Wangerudi Tanga na furaha yao, na Gervas angezikwa na maji yake. Nani angeumia? Nilijiuliza hivyo, na nilipomtazama mwalimu akichovya ugali kwa utulivu wa mtu aliyemaliza deni la baba yake, nikajua ni nani.

"Walimu," nikasema, "asubuhi nimesema uongo."

Nikaeleza. Nilipofika katikati Mwalimu Rehema aliweka kijiko chini. "Simama," akasema. Nikasimama, mtu mzima mwenye wajukuu, katikati ya hoteli, watu wa meza nyingine wakigeuka. "Anza mwanzo. Sema kwa sauti." Nikaanza mwanzo. Kulungu wa sweta lake alinitazama kwa dharau. Nilitamani sakafu inimeze.

Mwalimu Skolastika hakunigombeza. Aliuliza swali moja tu. "Kaka nimemsikilizisha maji ya nani?"

"Ya Njombe, mama. Ya watu wengine."

Akaosha mikono, akaifuta kwenye khanga, kidole kimoja kimoja. "Huko Mawengi, tukiondoka sasa hivi tunafika na mwanga?"

"Tukiondoka sasa hivi."

Mwalimu Rehema aliitazama ratiba, akaikunja mara mbili, akaikalia.

Leo mnapita njia ile kwenye zege mkipiga muziki, mnaona milima kama picha ya kalenda. Enzi zile ukishapita Itoni unaomba Mungu. Ukianza kuona tope jekundu linang'aa, funga minyororo kwenye tairi za nyuma kabla hujahitaji, kwa sababu ukishazama utaifunga umelala tumboni. Usikanyage breki kwenye mteremko wa tope, teremka na gia ya kwanza tu, acha injini ikushikilie. Na ukimwona mwenyeji anatembea pembeni badala ya katikati, mfuate yeye, anajua wapi pamegeuka shimo tangu jana. Nilifanya yote hayo siku ile bila kusema hadithi hata moja. Walipouliza mlima huu unaitwaje na sikuujua, nilijibu sijui. Neno hilo lilikuwa geni mdomoni mwangu. La ajabu ni kwamba hawakuchukia. Mwalimu Rehema aliandika kwenye daftari, "mlima, jina halijulikani," akauchora.

Kisha tulipokuwa tunapanda kuelekea Lusitu ukungu ukabaki chini yetu. Nilisimamisha gari bila kuambiwa. Migongo ya milima ilikuwa imetokeza juu ya weupe ule, mmoja nyuma ya mwingine, wa kijani, wa bluu, wa kijivu, mpaka macho yanachoka, na jua la jioni limelala juu yake. Hakuna aliyetoa kamera. Wale wawili wa kulala walikuwa macho. Kwa upande wa Liganga, kule wanakosema ardhi yote ni chuma, wingu moja lilikuwa linanyesha peke yake. Tulisimama pale, na nilihisi kwamba kazi yangu ya miaka yote ilikuwa hiyo tu, kusimamisha gari mahali pazuri na kufunga mdomo.

Niseme na hili kabla sijawafikisha, msije mkaulizana. Gervas aliishi mpaka baada ya Pasaka. Dada yake alimpigia jioni ile ile kutoka Mawengi, akamwambia yale ya asubuhi yalikuwa makosa, na akamweleza mahali penyewe hatua kwa hatua mpaka chaji ikaisha. Barua aliyoniandikia Mwalimu Skolastika mwezi wa sita ninayo. Anasema kaka yake alicheka sana aliposikia nimesimamishwa hotelini.

Mawengi tulifika jua likiwa bado juu ya kilima. Baridi, moshi wa kuni, mahindi yamesimama. Kwenye duka la njiani nilimuuliza mwenye duka, mtu wa makamo, kama kuna ukoo ng'ambo ya bonde uliopoteza kijana aliyekwenda mkonge zamani.

"Yule aliyekwenda mkonge?" akasema mara moja, kama anayeulizwa habari za jana. "Dada yake yupo. Shikeni njia hiyo, nyumba ya mwisho."

Nikamtafsiria mwalimu ingawa maneno yalikuwa ya Kiswahili, maana alikuwa ameacha kusikia. "Shangazi yako yu hai, mama."

Njia ilikuwa nyembamba, tukaiendea mpaka karibu na ua, nikazima injini. Mwalimu Skolastika aliteremka na mimi. Wenzake walibaki ndani wakitafuta viatu vyao, vioo vimejaa pumzi zao, huoni aliyemo. Tulitembea hatua chache. Mimi niliyasikia maji kwanza, membamba, yanatiririka mahali fulani kwenye migomba upande wa kushoto. Nilipunguza mwendo tu, mpaka naye aliposimama na kushika kifua.

Mlangoni alikaa bibi mdogo kama mtoto, shuka mabegani, anapepeta maharage kwenye ungo. Nilimsalimia kwa Kipangwa cha mama yangu, nikajitambulisha kwa jina la mjomba, nikamwambia mgeni wangu ni mtoto wa kaka yake, ametoka Tanga. Bibi aliweka ungo chini. Alimsalimia mwalimu, na mwalimu, asiyejua Kipangwa hata cha kuombea maji, akaitikia kwa neno la baba yake.

Bibi akafumba macho. Alipoyafumbua alitazama gari kupitia juu ya bega la mwalimu. Alilitazama muda mrefu. Kisha akasema maneno machache, kwa sauti ya kawaida kabisa ya mtu anayeulizia chumvi.

"Anasemaje, mwanangu?" mwalimu akaniuliza.

Nilikuwa nimeelewa kila neno, na ulimi wangu ulikuwa umeshaanza kutafuta njia ya pembeni. Ningeweza kumwambia mwalimu kwamba bibi anatukaribisha ndani. Ningeweza kumwambia bibi kwamba kaka yake anamsalimu sana. Wote wawili wangefurahi, na katikati yao nilikuwa mimi peke yangu.

"Anauliza mbona baba yako hashuki garini," nikasema. "Anauliza kama miguu imekufa ganzi kwa safari."

Mwalimu Skolastika alinishika mkono akaubana. "Mwambie amekufa," akasema. "Mwambie zamani. Tumemzika Muheza."

Habari kama hiyo haitolewi kwa kusimama. Nikapiga magoti kwenye udongo mbele ya bibi, maharage yakiwa kati yetu, nikamwambia kwa lugha ya mama yangu kwamba kaka yake alikufa zamani na amezikwa Muheza. Nilitamani sana kuongeza kwamba alikufa usingizini, bila maumivu. Hilo sikulijua. Sikuliongeza, nikabaki pale pale magotini.